Mpira wa kudumu wa kusafishia damu: mama awekewe upi?

Swali limetoka kwa kijana wa Mtama, mkoani Lindi. Nimelifupisha hivi:

"Shikamoo sista. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari na presha vya muda mrefu. Figo zimeshindwa, na hii ni wiki ya sita anasafishwa damu huko Mtwara, mara tatu kwa wiki. Alianza na mpira wa muda shingoni upande wa kulia, na mpaka leo ni uleule. Daktari amesema awekewe wa kudumu, ule unaotokea kifuani, na tumeambiwa tuutafute wenyewe. Dar es Salaam tumepata aina mbili, mmoja bei yake karibu mara mbili ya mwingine. Muuzaji anasema huo wa bei kubwa unakaa miaka bila shida yoyote. Ndugu wamekubali kuchanga fedha za korosho, sasa naogopa tusije tukakosea. Upi wa kuaminika? Na tukishanunua huo mzuri, ile operesheni ya kuunganisha mishipa ya mkono bado ina haja? Halafu wiki hii mama amepata homa na baridi kali mara mbili akiwa kwenye mashine. Tumempa dawa ya malaria."

Marahaba mwanangu. Umeuliza mambo matatu, na hilo uliloliweka mwisho ndilo la kushughulikia kwanza.

Mtu mwenye mpira shingoni akipata homa na kutetemeka, tena akiwa kwenye mashine, cha kwanza kushukiwa ni mpira wenyewe: kwamba vimelea vimepita humo na vimeingia kwenye damu. Huku kwetu kusini kila homa huanza kwa kuitwa malaria, na si kosa, malaria ipo. Apimwe malaria. Lakini damu yake ichukuliwe pia ikaoteshwe maabara, na ichukuliwe kabla hajapewa antibiotiki yoyote, maana hata dozi moja ya vidonge vya duka la dawa inaweza kumficha mdudu na daktari akabaki anabahatisha. Anayetutia hofu zaidi ni Staphylococcus aureus. Huyu huishi kwenye ngozi na puani mwa watu wasio na ugonjwa wowote, ila akiingia kwenye damu hung'ang'ania vali za moyo na mifupa ya uti wa mgongo, na mwenye kisukari hupata tabu sana kumshinda. Kwa hiyo usingoje siku ya mashine. Mpeleke leo hii, hata kama homa imeshuka, na mweleze daktari kwa ukamilifu: ilimpata akiwa kwenye mashine, mara mbili, na amekunywa dawa gani.

Jambo hilo linagusa pia ununuzi wenu. Mpira wa muda haukutengenezwa kukaa wiki sita. Miongozo ya figo ya Marekani iitwayo KDOQI, toleo la 2019, inataka usizidi wiki 2. Najua wagonjwa wetu hukaa nao zaidi wakisubiri fedha au nafasi, na sikulaumu kwa hilo. Ila mpira mpya wa kudumu hauwekwi kwenye damu yenye maambukizi. Ukiwekwa, vimelea vilivyomo huugandamia na mtakuwa mmenunua tatizo lilelile kwa bei kubwa. Kama vipimo vitaonyesha maambukizi, utaratibu wa kawaida ni kuutoa huo wa shingoni, mama apewe antibiotiki, na akihitaji mashine katikati ya hapo awekewe mwingine wa muda, mara nyingi kwenye paja, kwa siku chache tu. Wa kudumu unasubiri mpaka damu ioteshwe tena na ionekane safi. Basi msitume fedha Dar es Salaam kesho asubuhi.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Ukiwa na katheta mbili (ndilo jina la kihospitali la mipira hii) za watengenezaji wanaojulikana, tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya katheta iliyowekwa mahali pake na iliyowekwa vibaya. Na hata iliyowekwa vizuri kabisa huharibiwa na mikono inayoifungua. Ndiyo maana sitakutajia chapa. Nitakueleza mahali uaminifu wa katheta unapotoka, ili fedha na nguvu zenu ziende huko.

Katheta ya kudumu ni mpira laini wenye njia mbili ndani, moja ya kutolea damu kwenda kwenye mashine na nyingine ya kuirudishia. Unene wake kwa nje ni kama milimita 5. Unaingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo, unapita chini ya ngozi kuvuka mfupa wa mtulinga, kisha unatokeza kifuani. Katika ile sehemu iliyofichwa chini ya ngozi kuna kipete cha nyuzi za plastiki ziitwazo Dacron. Kwa wiki 3 hadi 4 nyama ya mwili huota ndani ya nyuzi hizo, ikaushika mpira usichomoke na ikaziba njia ya vimelea vinavyotambaa kutoka kwenye ngozi. Wa muda hauna kipete wala hauna hiyo safari ya chini ya ngozi, na ndiyo sababu hauaminiki kwa muda mrefu. Ndiyo sababu pia nyuzi za mshono wa mama zisikatwe mapema eti kwa kuwa zinawasha. Mpaka kipete kishike, nyuzi hizo ndizo zinazoushikilia mpira.

Cha kwanza cha kumuuliza daktari ni mshipa. Mshipa bora kuliko yote ni ule wa ndani wa shingo upande wa kulia, kwa sababu unashuka karibu moja kwa moja hadi kwenye moyo. Wa kushoto unafaa ukikosa wa kulia, lakini njia yake ina kona mbili na ni ndefu zaidi, na katheta za kushoto hukwama mara nyingi zaidi. Wa paja ni wa dharura au wa mtu ambaye mishipa ya juu imekwisha. Mshipa wa chini ya mtulinga uepukwe kabisa kama kuna njia nyingine, maana katheta ikikaa humo huufanya mshipa usinyae, na mshipa huo ndio unaorudisha damu ya mkono wote. Mtu aliyewekewa hapo anaweza kuja kukosa mkono wa kufanyiwa operesheni ile uliyoiuliza.

Kwenye boksi mtaona urefu kwa sentimita, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza fedha. Kuna boksi linaloandika urefu wote wa mpira na kuna linaloandika urefu wa kutoka kwenye kipete hadi kwenye ncha. Huo wa pili ndio daktari anaouhitaji. Kwa mtu mzima anayewekewa kulia, mara nyingi ni sentimita 19, kushoto 23, paja ni mrefu zaidi ya hapo. Mkinunua kabla daktari hajaamua upande, mnaweza kurudi Mtwara na katheta nzuri sana isiyomfaa mama, na duka lisikubali kuipokea tena. Mwambie daktari aandike kwenye karatasi: upande, urefu kutoka kipete hadi ncha, na unene. Muuzaji asome karatasi hiyo, asikukisie.

Ncha ikae wapi? Ndani ya chumba cha juu cha kulia cha moyo, au kwenye mlango wake. Ikikaa juu mno, hugusa ukuta wa mshipa na kuufyonza, na mashine inapiga kelele kila dakika kumi. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: katheta huwekwa mgonjwa akiwa amelala, naye akiinuka na kukaa, ncha hupanda kwa sentimita kadhaa. Kwa wanawake wenye kifua kizito na kwa watu wanene hupanda zaidi, kwa sababu nyama ya kifua inashuka na kuuvuta mpira. Kwa hiyo daktari mwangalifu humkalisha mama kabla ya kuanza, avae nguo yake ya kawaida, kisha aweke alama ya wino pale mpira utakapotokea: mbali na ziwa, mbali na mkanda wa sidiria, mbali na mahali anapofungia kanga. Ombeni hilo. Ni dakika mbili, na linazuia usumbufu wa miezi.

Ulizeni pia kama mshipa utatafutwa kwa ultrasaundi. Kuchoma shingo kwa kupapasa kulikuwa kawaida zamani. Siku hizi si vizuri, maana mshipa mkubwa wa damu inayotoka moyoni uko jirani pale, na sindano ikiteleza hugeuka jambo jingine kabisa. Na kabla katheta haijatumika, eksirei ya kifua ionyeshe ncha ilipo, kama hakukuwa na mashine ya eksirei ya kutazamia wakati wa kuweka. Kama fedha za korosho zinatosha kitu kimoja tu cha ziada, yaani nauli ya kwenda mahali penye ultrasaundi, eksirei na daktari anayeziweka mara kwa mara, au tofauti ya bei ya ile katheta ya ghali, mimi ningelipa nauli bila kusita.

Ina maana katheta zote ni sawa? Hapana, zinatofautiana, na nitakuambia zinapotofautiana ili muuzaji asikuyumbishe. Tofauti ya kwanza ni ncha. Nyingine zina ncha ya ngazi, ambapo tundu moja liko juu na jingine chini yake. Nyingine zimegawanyika mwishoni kama miguu miwili. Nyingine zina matundu yanayolingana pande zote. Hizi za matundu yanayolingana zina faida moja ya kweli. Inapotokea njia ya kutolea damu imegoma, muuguzi huweza kugeuza mirija, damu itoke pale ilipokuwa ikirudi, na damu iliyokwisha kusafishwa isirudi nyingi kwenye mashine. Kwenye ncha ya ngazi ukigeuza hivyo, sehemu ya muda wa mama kwenye mashine hupotea kwa kusafisha damu ileile. Hata hivyo tafiti zilizolinganisha ncha hizi hazijaonyesha moja inayozishinda nyingine kwa kudumu, na KDOQI wenyewe wanamwachia daktari uamuzi wa aina. Yule muuzaji anayeahidi miaka bila shida yoyote anaahidi kitu ambacho hakuna katheta yoyote duniani inayokitoa.

Tofauti ya pili ni malighafi. Za siku hizi nyingi ni za poliyurethani, aina ya plastiki, au jamaa zake, na chache ni za silikoni. Hili lina uzito kwa sababu ya dawa za kusafishia. Silikoni hudhoofishwa na aiodini. Baadhi ya poliyurethani hudhoofishwa na spiriti ikikaa juu yake, na kuna marhamu za ngozi ambazo huila taratibu mpaka mpira upasuke. Ndani ya boksi huwa kuna karatasi ya maelekezo inayotaja dawa zinazokubalika na zisizokubalika. Nimeona karatasi hiyo ikitupwa pamoja na nailoni mara nyingi mno. Msiitupe. Ipelekeni kwenye kitengo cha mashine iwekwe kwenye faili la mama.

Mkiwa dukani, kagueni pakiti yenyewe: haijapasuka wala kulowa, tarehe ya mwisho haijapita, urefu ni ule ulioandikwa na daktari, na ndani mna vifaa vya kuwekea, si mpira mtupu. Katheta inayouzwa nje ya pakiti yake, hata kama ni ya chapa kubwa na bei ni ya kutupa, iacheni hapohapo.

Hapo ununuzi umekwisha. Yanayofuata ndiyo yanayoamua kama mama atakaa na katheta hiyo mwaka au mwezi mmoja, na hakuna duka linaloyauza.

Nataka ujue kufungua katheta kunavyopaswa kuonekana, kwa sababu wewe au dada yako mtakaa pale mara tatu kwa wiki. Muuguzi anavaa barakoa, na mama naye anavaa barakoa au anageuza uso upande wa pili, maana pumzi ya puani ndiyo inayombeba yule mdudu niliyemtaja. Muuguzi ananawa, anavaa glovu safi. Vibanio vyote viwili vya katheta vimefungwa kabla kifuniko hakijaguswa. Kifuniko kinatoka, na mdomo wa katheta unasuguliwa kwa kitambaa cha dawa, pembeni kwenye hesi na juu kwenye tundu, kwa sekunde 15 hivi, kisha unaachwa ukauke wenyewe bila kupulizwa. Anaunganisha bomba la sindano, anafungua kibanio, na anavuta. Anachovuta ni dawa ya kufungia iliyokaa humo tangu juzi, mara nyingi heparini inayozuia damu kuganda, pamoja na vipande vidogo vya damu iliyoganda. Hivyo vinatupwa, havirudishwi. Katheta yenye mililita 2 kila upande, ikiwa imefungwa kwa heparini ya yuniti 5,000 kwa mililita, inabeba yuniti 20,000. Mtu akisahau kuivuta na akaisukuma ndani, mama anaweza kutoka damu ovyo kwa saa nyingi. Ujazo wa kila upande umechapishwa kwenye katheta yenyewe, kwenye vibanio au kwenye mirija. Wakati wa kufunga, dawa huwekwa kwa kipimo hicho, bila kukisia.

Ukiona hatua imerukwa, sema kwa adabu: "Sista, samahani, mama hajavaa barakoa." Muuguzi anayeijua kazi yake hatakasirika. Sisi tunahudumia wagonjwa wengi kwa zamu, na jicho la ndugu limewahi kuokoa watu. Mimi nawaomba ndugu waseme.

Tundu la kifuani lisafishwe kila siku ya mashine kwa dawa ya kuua vimelea iitwayo klorheksidini, yenye spiriti, isiyopungua asilimia 0.5, kama katheta inaikubali, kisha lifunikwe upya. Joto la pwani yetu linatutesa hapa. Jasho linalegeza plasta kabla ya jioni, na plasta iliyolegea ni mlango. Kwa mtu anayetoka jasho jingi, bandeji kavu ya gozi inayobadilishwa mara nyingi hufaa kuliko ile plasta ya nailoni inayofungia unyevu ndani. Kitengo chenu kiwafundishe namna ya kubadilisha nyumbani ikilowa, na kiwape vifaa vya akiba.

Maji yasilifikie tundu. Mama aoge kwa kata na ndoo kuanzia kiunoni kwenda chini, na juu ajifute kwa kitambaa kilichokamuliwa. Kama ni mwislamu, udhu wa uso na mikono hauna tatizo akiinamisha kichwa mbele ya beseni na kuweka taulo shingoni, ili maji yasiteremke. Kuhusu josho la mwili mzima, muulizeni sheikh juu ya kupaka maji juu ya bandeji na juu ya tayamamu. Ninaloweza kusema mimi ni la kitabibu, nalo ni kwamba hapo pasilowe. Kuingia baharini kusahaulike kwa sasa. Shambani anaweza kwenda kukaa kivulini na kusimamia, lakini msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho akae nyumbani, maana lile vumbi linaingia kila mahali na likichanganyika na jasho linawasha ngozi, naye atajikuna. Asibebe gunia wala ndoo kichwani. Avae nguo yenye vifungo mbele, ili asivuliwe kwa kupitisha kichwani na mpira ukanaswa.

Zaidi ya wahudumu wa kitengo cha mashine, hakuna mtu mwingine wa kuigusa katheta. Zahanati wakitaka kumwekea dripu au kumtoa damu ya kipimo, wasitumie mpira huo hata kama mishipa ya mkono imejificha na wao wana nia njema. Waambieni watumie mgongo wa kiganja cha mkono anaoutumia kula. Kifuniko kikidondoka nyumbani, hakikisheni kibanio kimefungwa, au bana mpira kwa vidole kati ya kibanio na kifua, mkimbize hospitali. Mpira ulio wazi unaweza kuvuta hewa mpaka kwenye moyo. Akianza kuhema ghafla baada ya hapo, alazwe kwa ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Mpira ukichomoka wote, kandamiza sehemu mbili kwa pamoja: tundu la kifuani na pale juu ya mtulinga ulipoingilia kwenye mshipa. Wengi hukandamiza tundu la kifuani peke yake huku damu ikitoka kwenye mshipa na kujaa chini ya ngozi.

Hata ikitunzwa hivyo, katheta huchoka. Baada ya wiki au miezi mwili huizungushia utando, ncha huziba, na kasi ya damu hushuka. Tunapenda kuona mililita 300 kwa dakika au zaidi. Ikishuka na kubaki chini, waulizeni kama dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inapatikana, iitwayo alteplesi, na kama siyo, katheta ibadilishwe kwa kupitisha waya kwenye njia ileile kabla haijaziba kabisa. Msikae na katheta inayolazimishwa kwa mabomba ya sindano kila siku ya mashine. Mama atakuwa anasafishwa nusu, miguu inavimba, na ninyi mnadhani figo zimezidi kuharibika. Uso au mkono wa kulia ukivimba, mishipa ya kifua ikajitokeza, hiyo ni dalili kwamba mshipa mkubwa umesinyaa na daktari aone mapema. Vifaa hivi hutoka Dar es Salaam, na barabara yetu mnaijua. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata pale Somanga, aliyekuwa akisubiri mpaka dakika ya mwisho alikuwa na hali ngumu. Tatizo likianza, anzeni kutafuta.

Sasa swali la mkono. Ndiyo, mwanangu, operesheni ya mkono bado ina haja, tena kubwa. Daktari huunganisha mshipa unaopeleka damu na mshipa unaorudisha, huo wa pili unanenepa, na sindano za mashine huchomwa humo. Inaitwa fistula ya mkono, na mwambieni mama haihusiani na ile ya uzazi asije akaogopa. Njia hii ilielezwa mara ya kwanza 1966 na Brescia na Cimino na wenzao huko Marekani, na mpaka leo ndiyo yenye maambukizi machache kuliko katheta yoyote, kwa sababu hakuna mpira unaotokeza nje ya ngozi. Inahitaji wiki 6 hadi miezi 3 kukomaa, wakati mwingine zaidi. Muda huo ndio kazi halisi ya katheta mnayoitafuta: kumshikilia mama huku mkono ukikomaa. Ukiiangalia hivyo, hutahangaika na ipi itakaa miaka kumi.

Miaka 61 na kisukari havimzuii mtu kufanyiwa. Vinafanya mishipa iwe migumu zaidi kutafuta, kwa hiyo apimwe kwa ultrasaundi kwanza. Kama mishipa haifai, kuna bomba la bandia linalopandikizwa chini ya ngozi ya mkono. Kuna wagonjwa ambao moyo au umri unafanya katheta ibaki ndiyo njia yao ya kudumu, na hilo si kushindwa. Daktari akiamua hivyo baada ya kupima, nitamuunga mkono. Lisiamuliwe tu na ndugu kwa kuwa wameshanunua katheta ya ghali.

Na kuanzia leo, mkono wa kushoto wa mama (kama anatumia wa kulia kula na kuandika) uhifadhiwe. Usichomwe sindano, usiwekwe dripu, usipimwe presha, usitolewe damu. Andikeni kwa kalamu ya wino kwenye daftari lake la kliniki, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Chini yake, akishawekewa katheta, andikeni aina yake, urefu, upande, tarehe, na ujazo wa kila njia, ili mkipewa rufaa ya Muhimbili usiku wa manane, wanaompokea wasianze kukisia.

Siku mtakayopewa tarehe ya katheta, ombeni siku hiyohiyo tarehe ya kupimwa mishipa ya huo mkono.